Chetezo cha Kuvunjwa

Kila alipofukua joko lake la shimoni, Bibi Mfinyanzi alivunja chombo kimoja. Hakikuwa kibovu. Mie nilikaa ng'ambo ya ua wa makuti, kwenye kibaraza changu cha kushonea, na mara nyingi nilikiona chombo hicho kabla hakijavunjwa: chetezo cha kufukizia udi, shingo nyembamba, mdomo uliokatwakatwa kwa nakshi, wekundu umepita hapa, weusi umepita pale. Angekipeleka sokoni kingenunuliwa siku hiyo hiyo. Yeye alikigonga kwa kifundo cha kidole, akakisogeza sikioni, akakizungusha juani, kisha akasema, "Bado," na kukipiga kwenye kisiki kilichokuwa karibu na shimo. Vigae vyake alivikusanya mwenyewe, hakumwachia mtu.

Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilikuwa mgeni Temeke, cherehani yangu bado inanukia mafuta ya dukani. Nikashindwa kunyamaza.

"Bibi, si bora ungenipa mie?"

"Wewe una mtu wa kukufukizia?"

"Sijaoa bado."

"Basi shona."

Aliyenieleza ni shoga yake, muuza vitumbua, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu sokoni. Alikuja kwangu kurefusha gauni, akasema bila kuulizwa, "Kile anachokivunja ni cha binti yake wa Kinondoni. Ukitaka kukaa naye salama, usikitaje."

Kisa kilikuwa hivi. Wakati wa vita vikuu vya pili, nguo zilipokuwa hazipatikani na mabibi harusi walivalishwa za kuazima, binti yake aliolewa na karani mmoja wa Kinondoni. Fungate ilipokwisha, mama alikwenda kumwona mwanawe, kamfungia kwenye kanga chetezo alichokifinyanga na kukichoma yeye mwenyewe. Binti akamlaki mlangoni, akakitazama, akamnong'oneza, "Mama, mume wangu kanunua cha shaba. Hiki cha udongo wenzake watanicheka. Rudi nacho." Mama hakuingia ndani. Aligeuka pale pale kizingitini, akarudi Temeke kwa miguu, akakivunja kwenye kile kisiki. Akamwambia shoga yake, "Nitamchomea ambacho hata mwenye shaba atakionea wivu. Siku nikikipata ndipo nitaingia nyumba ile." Tangu hapo, kila moto ulikuwa na chetezo kimoja cha Kinondoni, na kila moto kilivunjwa.

Binti alikuja mara chache miaka ya mwanzo. Alimleta mtoto wake wa kwanza, wa kike, angali mchanga, na Bibi alimpakata kutwa nzima bila kumshusha. Lakini mama na binti walikaa kama wageni wawili waliokutana kwenye msiba wa mtu wasiyemjua. Binti akachoka, akaacha kuja.

Nianze na mikono yake, maana ndiyo niliyoitazama zaidi. Mie ni fundi, mkono wa mtu naujua. Vidole vyake vilikuwa vifupi, kucha zimelika, na alipovinyoosha havikunyooka sawasawa. Gurudumu la mfinyanzi hakulijua wala hakulitaka. Aliweka donge la udongo juu ya kigae kikubwa, akalifungua kwa ngumi, kisha akainama na kuanza kulizunguka kinyumenyume, akipandisha ukuta wa chombo kwa mkono mmoja ndani na mwingine nje. Chombo kilitulia, aliyezunguka ni yeye. Uani kwake kulikuwa na mduara uliochimbwa na nyayo zake, na mvua ikinyesha ulijaa maji. Nilimwuliza kama hapati kizunguzungu. Akaniambia, "Kizunguzungu anapata asiyejua anakokwenda."

Udongo aliutoa bondeni, kule kwenye mashamba ya mpunga. Ule mweupe wa kutilia nakshi aliufuata Pugu kwa miguu, akarudi nao kichwani. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alimwambia amletee mtu wa kubeba. Alimjibu kwamba mtu wa kubeba atamletea udongo, lakini hatajua ni upi wa kuuacha.

Kabla ya vita kwisha alifinyanga vyungu vya kupikia kama wanawake wengine. Kisha sufuria zikafurika madukani, nyepesi na zinang'aa, na wafinyanzi wengi wakaweka mikono chini. Nakumbuka siku aliyorudi sokoni na vyungu vyake vyote kichwani, hakuuza hata kimoja. Nilijiandaa kumpa pole. Alivitua, akavinyoosha vile vidole vyake visivyonyooka, akasema, "Haya, wapike kwenye mabati yao. Udi hawatafukizia kwenye sufuria." Toka siku hiyo akawa mtu wa vyetezo, magudulia ya maji yenye nakshi na vyombo vya kuwekea maua, na sikumsikia tena akizitaja sufuria.

Rangi zake hazikutoka kwenye kopo. Zilitoka baharini. Alikwenda pwani maji yakiwa yametoka, akaokota mwani, akauanika uani mpaka ukawa kama nyuzi nyeusi. Kila chetezo alikiviringisha mwani huo na kukifunga kwa kamba ya makumbi kabla ya kukiingiza shimoni. Chini alitandika makumbi ya nazi na vumbi la mbao la maseremala, juu akafunika kwa vigae, juu ya vigae kuni, na mwisho nyasi na udongo. Vigae vile ndivyo vilivyonigusa nilipovitambua: vilikuwa vya vile vyetezo vya Kinondoni. Binti hakuwa navyo, lakini kila chombo kilichotoka kwa Bibi Mfinyanzi kilikuwa kimeivia chini ya vigae hivyo. Moto ukifika kwenye mwani, chumvi iliyomo inaandika. Pengine inapita rangi ya chungwa bivu, pengine ya zambarau, na penye moshi pakawa peusi. Hakuna aliyejua kitatoka nini, hata yeye.

Kwa hiyo wateja walipokuja na malalamiko, alikuwa na jibu moja. Mama mmoja wa Keko alirudisha gudulia kwa sababu ya baka jeusi ubavuni.

"Hili doa silitaki, Bibi."

"Si doa. Moto umepita hapo."

"Upite kwingine basi."

"Moto haukuniuliza mie, utakuuliza wewe? Kipokee kama kilivyokuja, mwanangu. Kitakupenda."

Yule mama akaondoka na gudulia lake, ameridhika kabisa. Na mie niliyekuwa nasikiliza, jioni ile ile nilimwona Bibi akivunja chetezo cha Kinondoni kwa sababu ya baka dogo kuliko lile. Nilitaka kumwambia, nikakumbuka maneno ya muuza vitumbua, nikauma uzi.

Moshi ndio uliotugombanisha. Mwanzo shimo lake lilikuwa upande wa barabara, mbali nami. Ndipo akaja Bwana Afya na fimbo yake, akichungulia madumu, mitungi na vifuu, akitafuta maji yenye viluwiluwi vya mbu. Alilisimamia lile shimo.

"Mama, hili lifukiwe. Mbu watazaa humu."

"Mbu?" Bibi akainama, akatupa kijinga cha moto juu ya makumbi yaliyokuwa tayari shimoni. "Ngoja basi tuwaone wakizaa."

Bwana Afya alirudi nyuma akikohoa, miwani imejaa machozi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema amri si yake, ila shimo lisionekane barabarani, lihamie nyuma ya nyumba. Bibi akashika jembe mwenyewe akachimba jipya nyuma ya nyumba, akakiviringisha na kisiki chake huko, na nyuma ya nyumba yake ndipo ubavuni mwa kibaraza changu. Nikapata jirani wa moshi kwa amri ya serikali.

Kanzu ya kwanza iliyoharibika ilikuwa ya mtu wa kwenda nayo Ijumaa. Nyeupe, darizi ya shingoni nimeitia kwa mkono, sasa inanuka kama samaki wa kubanika. Nilipiga kelele mpaka mtaa ukatoka nje. Bibi alisimama upande wake wa ua, mikono kiunoni, akanisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi malizia, nina kazi."

Kesho yake asubuhi niliona kaniki nyeusi imetundikwa juu ya ua. Nilidhani ameanika. Akaniambia, "Siku ukiiona hiyo, ujue nachoma. Shona nguo nyeusi." Hakuomba radhi na sikumdai. Miaka yote iliyofuata hakuwahi kusahau kuitundika, na mie siku za kaniki nilishona suruali za makarani na mabuibui.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijaliona kwa mfinyanzi mwingine. Kabla ya kuwasha, wanawake wote walioleta chombo kwenye moto ule walisimama kulizunguka shimo, na kila mmoja alitakiwa kutaja kinyongo alicho nacho, kisha avute maji mdomoni, asukutue, ateme chini kando. Bibi alisema hataki kinyongo cha mtu kiingie jokoni mwake, kitapasua vyombo vya wenzie. Wanaume hatukuruhusiwa kukaribia. Lakini ua wa makuti si ukuta, na mie kazi yangu haihami. Kwa hiyo walipojipanga tu, aliniita.

"Fundi! Zungusha cherehani!"

Nikazungusha, bila kitambaa chini ya sindano, ili kelele zifunike maneno yao. Sitaki kujifanya mtakatifu: mara nyingine mkono ulinichoka hasa pale penye utamu. Nilijua nani kachukua kinu cha wifi yake hajakirudisha, na nani kaambiwa na mama mkwe hajui kupika. Siku moja nikasikia, "Mie nina kinyongo na fundi. Gauni langu limenibana kwapani, naye kaniambia nimenenepa."

Ikafuata sauti ya Bibi, "Fundi, simamisha. Hili lako."

Nililifumua lile gauni siku ile ile, na moto haukuwashwa mpaka nilipolipitisha juu ya ua likiwa limepanuliwa.

Zamu yake Bibi ilikuwa ya mwisho. Alivuta maji mdomoni kama wengine, wote wakimtazama. Kisha akayameza.

"Mie nina kiu tu," alisema, na kuinamia kuni.

Hivyo ndivyo alivyofanya kila moto. Alikuwa hodari wa kuwatoa wenzie ya moyoni, huku lake akilishusha tumboni pamoja na maji. Shoga yake alikuwa akitikisa kichwa, lakini hakusema kitu, maana vitumbua vyake vilikaangwa kwenye vikaango alivyofinyangiwa bure na Bibi.

Habari za Kinondoni alizipata kwangu, na alizipata kwa njia yake. Yule karani, mkwewe, alinipa suruali zake na gauni za mkewe nimshonee, kwa sababu nilikuwa najua kukata mtindo wa ofisini. Wala hakujua kwamba mama mkwe wake anakaa ng'ambo ya ua. Au alijua, ndiyo maana alikuja. Akishaondoka, Bibi alisogea uani, anajifanya anapanga makumbi.

"Kiuno vipi?"

"Kimeongezeka, Bibi."

"Basi anampikia." Makumbi mawili, matatu. "Na gauni za yule mwenyewe?"

"Nimeongeza kifuani na mikononi."

"Ana afya."

Hivyo akajua mwanawe amenenepa, amejifungua tena, amekonda mwaka alioumwa, amerudi. Mjukuu ndiye aliyemchosha zaidi. Kila nguo ya sikukuu ya yule msichana ilipokuja kushonwa, Bibi alinitaka nimpe utepe wa kupimia. Alikanyaga ncha yake kwa kidole gumba cha mguu, akaunyoosha juu ya mwili wake mwenyewe mpaka pale nilipomwonyesha. Mwanzo ulifika gotini. Kisha kiunoni. Mwaka mmoja ulimfika begani, akaushikilia pale begani kwa muda mrefu, kama mtu anayemshika mwenzie asidondoke. Niligeuka nikatunga uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari. Nilimpenda yule mama, nalisema wazi, na nilimkasirikia pia, maana Kinondoni si ng'ambo ya bahari.

Siku moja nikathubutu. "Bibi, nenda ukamwone."

"Na nini mkononi?"

"Mikono mitupu haitoshi?"

"Nilikwenda na kitu, nikarudishwa. Nitarudi na kitu." Akanipa utepe wangu. "Sijachoka, fundi. Waliochoka ni nyie mnaonitazama."

Miaka ya mwisho ya Mwingereza, katikati ya masika, karani akaniletea kitambaa cheupe na cha waridi. Binti wa kwanza anaolewa, aliniambia, na harusi ni mwezi ujao, wala haisogezwi. Alipoondoka sikungoja niulizwe. Nilikwenda uani nikamwambia Bibi.

Alikaa chini kwenye mduara wa nyayo zake. Kisha akauliza, "Mvua itaacha lini?"

"Haitaacha kabla ya harusi."

"Basi nitachoma ndani ya mvua."

Hakuna anayechoma masika. Ardhi imelowa, mvuke unapanda kutoka chini na kupasua kila kitu. Bibi aliazima mabati kwa mwashi, akayaezekea juu ya shimo kwa miti mirefu, akawasha moto mtupu ndani yake siku baada ya siku ili kulikausha. Moshi ulitulia mtaani kama ukungu. Nilifunga cherehani, nikaahirisha kanzu za watu, na waliolalamika niliwaambia wakamwambie wenyewe. Hakwenda hata mmoja.

Vyetezo alifinyanga vingi safari hii, vyote vya Kinondoni, ili apate cha kuchagua. Mwani alimtuma mkwewe, mke wa yule mwanawe wa bandarini. Alikuwa msichana wa Tabora, ameletwa pwani hivi karibuni, mpole, mwenye adabu ya kupiga magoti akimpa mtu maji. Na alikuwa msafi kupita kiasi. Mtaani walimtania kwamba angepata nafasi angeosha hata mkaa. Alileta mwani, wakauanika chini ya paa karibu na moto, wakavifunga vyetezo.

Asubuhi ya kuwasha, wanawake waliokuja kumsaidia walijipanga, nami nikaambiwa nizungushe cherehani. Wakatema mmoja mmoja. Bibi akavuta maji yake, akayameza.

Walipofukua, niliona kwa tundu la makuti wanawake wakiinama, kisha wakinyooka polepole. Vyetezo vilikuwa vimetoka vya kahawia iliyopauka, vyote, kama mkate usioiva. Hakuna chungwa wala zambarau. Na karibu vyote vilipasuka kwa unyevu. Kilichobaki kizima kilikuwa kimoja, na hicho kilikuwa na baka la kijivu upande mmoja, mahali pasipopata moto vizuri.

Bibi aliwageukia. "Nani kaacha kinyongo?"

Kila mmoja akaapa. Yule mkwe akapiga magoti kwenye matope.

"Mama, mie sina kinyongo na mtu. Lakini ule mwani... ulikuwa na mchanga. Na ulikuwa na chumvi nyingi, ukiulamba unawasha. Nikauosha. Nimeuosha kwa maji ya bomba mpaka ukatakata."

Bibi Mfinyanzi akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile. Alicheka mpaka akashikilia mti wa paa, mabati yakatingishika na kuwamwagia maji, akasema, "Kauosha! Bahari nzima kaiosha!" Akamwinua yule mkwe, akamfuta magoti kwa upindo wa kanga yake, akamwambia hajakosa kitu, kwao hakuna bahari.

Wengine nao wakacheka. Muuza vitumbua ndiye hakucheka. Alichota maji kwa kata, akamnyooshea shoga yake.

"Mwani umeoshwa, sawa, tumesikia. Sasa na wewe tema. Miaka yote hii unatumezea tu. Mie nimezeeka, shoga yangu, nataka nikuone umetema."

Bibi aliitazama ile kata. Kisha bila kugeuka akaita, "Fundi. Zungusha cherehani."

Nilizungusha kama sijawahi kuzungusha. Wallahi mkono haukunichoka. Nilimwona midomo ikienda, ikienda, na muuza vitumbua akiwa ameziba uso kwa kanga, na sikusikia hata neno, na sikutaka kusikia. Mwisho akavuta maji, akasukutua, akatema mbali, mpaka kwenye ua wangu.

Akakiokota kile chetezo kibaya. Akakigonga, akakisogeza sikioni. Wote tulikitazama kisiki. Akakifunga kwenye kanga.

Harusi ilipokaribia alikuja kibarazani kwangu, amevaa kanga mpya, wala hakuwa ametundika kaniki.

"Zile nguo za Kinondoni unazipeleka leo?"

"Leo, Bibi."

"Twende. Nyumba nimeisahau."

Uongo mtupu, na hakutaraji niuamini. Nilimwambia tupande basi. Akasema basi litakitikisa. Tukatembea, mie na furushi la nguo, yeye na kanga yake kifuani, tukapita Keko, tukapita Kariakoo, mvua ikawa imekatika, tukavuka bonde la Magomeni juani, na hakukubali kupumzika popote. Njiani alisema neno moja tu: "Kibaya kweli kweli." Na kweli kilikuwa kibaya.

Uani kwa karani wanawake walikuwa wakichagua mchele. Kile chetezo cha shaba kilikuwa dirishani, kimetiwa maua ya asumini. Binti akatoka. Kipimo chake nakijua kwa kichwa, lakini uso wake sikuwa nimeuona kwa miaka, na ulikuwa wa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Karibu ndani."

"Ngoja kwanza." Bibi akafungua kanga pale pale kizingitini. "Nimekuletea. Si kizuri. Mwani ulioshwa."

Binti hakuuliza mwani gani. Alikipokea kwa mikono miwili. Kisha, mbele ya wageni wake wote, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akakisogeza sikioni, akakizungusha juani.

"Mama, upande huu hakijaiva."

"Najua. Kivunje."

"Thubutu!" Akakikumbatia. "Miaka yote hii nangoja, leo nikivunje? Nilisema neno la kitoto, mama. Nilikuwa mtoto."

"Nilikuwa nakutafutia kizuri."

"Nilijua. Mume wangu ananiambia, yule fundi wa Temeke kila nikienda ananuka moshi wa joko."

Akamwita msichana. Bibi harusi alikuja, miguu ina hina, akainama kumshika bibi yake mkono. Bibi Mfinyanzi alimsimamisha wima mbele yake, akapandisha kiganja kutoka begani kwake mpaka juu ya utosi wa yule mtoto. Akanigeukia kwa ukali.

"Fundi, umenipunja. Ni mrefu kuliko ulivyoniambia."

Mtu akaleta makaa, binti akayatia kwenye chetezo, akaweka udi, moshi ukapanda sawasawa upande ulioiva na upande usioiva. Bibi alivua makubadhi yake, akayapanga vizuri pembeni mwa mlango, akavuka kizingiti.

Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita kutoka dirishani, karibu na kile cha shaba.

"Fundi! Wewe nenda tu, mie nalala huku. Mwambie mkwe wangu joko lisiwashwe mpaka nirudi. Na huo mwani asiuguse!"